Tonge Nililolishwa Addis Ababa

Nilifundisha sayansi kimu kwa miaka 31 katika shule za Kisumu na Siaya, na katika miaka hiyo yote sikuvuka mpaka wa nchi yetu isipokuwa pale Busia, nilipokwenda kumzika shangazi upande wa Uganda. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia, nikiwa na umri wa miaka 69, "Mama, hiyo pasipoti isikae tu sandukuni, twende," sikubishana naye. Tuliruka kutoka Kisumu alfajiri, tukabadilisha ndege Nairobi na tena Addis Ababa, tukashuka Istanbul. Siku sita za Addis Ababa tulikuwa tumeziweka kwa safari ya kurudi.

Istanbul nitaieleza kwa ufupi, maana tulikaa siku tatu tu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mvua. Mtu aliyekulia kando ya ziwa hutazama samaki kwanza, nami nilisimama muda mrefu juu ya daraja la Galata, ambako wavuvi wa ndoana husimama bega kwa bega na fito zao, ndoo za plastiki miguuni. Karibu na vivuko vya Eminönü nilikula balık ekmek, yaani samaki wa kuchoma aliyetolewa miiba na kutiwa ndani ya mkate pamoja na vitunguu na ndimu. Alikuwa mtamu, lakini nilikitafuta kichwa chake, kwa kuwa kwetu Dunga, ufukweni Kisumu, ngege (samaki wa ziwa letu) asiye na kichwa ni kama hajaandaliwa mgeni. Chai yao huja katika bilauri ndogo yenye kiuno, nyekundu, bila maziwa, na baada ya bilauri ya tano nilianza kuamini kwamba maziwa yetu huificha ladha ya jani lenyewe. Siku ya kuondoka, kijana wa mgahawa aliyekuwa akiniita teyze, yaani dada wa mama, aliubusu mkono wangu kisha akaugusisha kwenye paji la uso wake. Hiyo ndiyo heshima wanayompa mzee, na sikuitarajia kutoka kwa mtu ambaye sikulijua hata jina lake.

Addis Ababa, aliyenipokea kwanza kama mtu wa nyumbani alikuwa dereva. Alituahidi kufika saa mbili, akafika saa mbili ya asubuhi, ileile yetu, kwa sababu Waethiopia huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi tunavyohesabu kwa Kiswahili. Binti yangu, aliyeielewa ahadi hiyo kwa Kiingereza, alikuwa akimngojea alasiri.

Ilikuwa Jumatano, na Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, pamoja na siku 55 za kabla ya Pasaka. Siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai. Mwenyeji wetu, mama wa rika langu ambaye mwanawe hufanya kazi na binti yangu, aliniruhusu niingie jikoni mwake. Nafaka yao inaitwa tefu, na punje yake ni ndogo hata kuliko ya wimbi. Unga huo hukorogwa na kuachwa uchachuke kwa siku mbili au tatu. Aliumimina kwenye kikaango kipana cha duara akianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, mkono wake ukienda bila kusita, kisha akafunika. Injera haigeuzwi. Upande wa juu ulitoboka vijishimo vingi ambavyo wao huviita macho, na mvuke wake ulinuka uji wa mtama uliochachushwa, ule aliokuwa akitupikia mama yangu.

Juu ya injera moja kubwa alipakua dengu zenye pilipili, shiro ya unga wa njegere, na gomen, ambayo mtu yeyote wa soko letu la Kibuye angeiita sukuma wiki. Tulinawishwa mikono, tukazunguka sinia moja. Kabla sijamega, yule mama alifunga tonge kwa vidole vyake, akalileta kinywani mwangu. Huko huitwa gursha, na mgeni hakatai. Tangu mama yangu afariki mwaka 1988 hakuna aliyewahi kunilisha kwa mkono wake, na nilitafuna polepole ili machozi yasinitoke mbele ya watoto.

Kahawa ilifuata, nayo haina haraka. Punje mbichi zilikaangwa mbele yetu, moshi wake ukapitishwa ili kila mmoja aunuse, zikatwangwa, zikachemshwa katika jebena, birika la udongo mweusi. Hunywewa mara tatu kutoka kahawa ileile, na kila mara ina jina lake: abol, tona, na ya tatu baraka. Nilimwambia kupitia kwa mwanawe kwamba baraka ni neno letu pia, na kwamba kahawa wanayoiita buna, punje zake sisi tunaziita buni. Alirudia "buni" mara mbili, akacheka, akanijazia tena kikombe. Dereva alipobisha hodi, saa mbili ya usiku, tulikuwa bado hatujamaliza kulinganisha maneno, naye akavua viatu akaketi, akamiminiwa chake.