Kwani si ameolewa na fundi?

Nimechoka lakini sitaki kulala kabla sijaandika hii. Shule zimefunga na binti ya dada yangu yuko kwangu hapa Umoja, yeye ni wa lile darasa la mwisho kabisa la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu hapa Kenya, wale watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2027 alafu basi, na Kiingereza ndio kinamnyima usingizi. Kwa hivyo kila jioni nikitoka kazini, tukishakula, tunapanguza meza tunatandika past paper za paper two nilizotoa kwa saiba hapo chini.

Paper two ni maksi 80. Ufahamu 20, dondoo la kitabu 25, shairi ama hadithi simulizi 20, alafu gramma 15. Hizo 15 wanafunzi wengi huziacha za mwisho wakiwa wamebakisha dakika chache, na mimi naona ni makosa, juu hapo jibu mara nyingi ni neno moja tu, ukilijua umelijua.

Sasa juzi kulikuwa na swali la kujaza pengo, "My aunt is married ___ a carpenter." Akaandika by, kwa penseli, akaikoleza vizuri. Nikamwambia hapana, ni to. Akafuta, akapuliza vumbi la rubber, akaniangalia. "Kwani anti, si ameolewa na fundi?"

Nilinyamaza kwanza. Ameolewa na fundi. Ameumwa na mbwa, ameitwa na mwalimu, nyumba imejengwa na babu, hiyo "na" yote kwa Kiingereza ni by, by, by. Huyu mtoto hakuwa amebahatisha, alikuwa ameshika sheria ya Kiswahili akaifuata mpaka mwisho, ni vile tu Kiingereza hapo hakioni mtu ametendwa kitu, kinaona mtu ameunganishwa na mwingine, ndio maana kinasema to. Nikamweleza hivyo na akaandika to, na jana nilipomrudishia swali kama hilo hakusita hata kidogo.

Tangu hapo tukianguka kwa swali tunauliza kwanza Kiswahili kinasemaje. Ile shida yake ya kuandika "my mother" alafu mbele "he", ni kwa sababu sisi tunasema anauza, anapika, anakuja, hiyo a- haijali ni mama ama baba. Mezani, sokoni, mlangoni, -ni ni moja, Kiingereza kinataka uchague on, in ama at. Na question tag ndio ilitukalisha sana. Sisi tunamaliza na "sivyo?" mambo yanaisha, lakini wao ukisema "Nobody came" lazima uweke "did they?", kwa sababu nobody tayari imekanusha, kwa hivyo mkia haukanushi tena. "Let us go home" inachukua "shall we?" na hiyo nimemwambia aikariri tu, sina njia nyingine ya kuieleza.

Inaniuma kidogo nikifikiria vile mimi nilifunzwa. Shule yangu ya msingi kulikuwa na diski, kipande cha mbao na kamba, ukishikwa ukiongea Kiswahili siku ya Kiingereza unavalishwa shingoni mpaka umshike mwenzako umpatie. Nilibeba hiyo mbao siku nyingi. Hakuna siku mtu aliniambia kwamba kosa langu lina chanzo, na kwamba chanzo chenyewe ni lugha yenye mpangilio wake. Niliambiwa tu ni makosa. Nilianza kuongea kidogo darasani, alafu nikaacha kabisa kunyoosha mkono, na nilikaa hivyo miaka.

Leo tukafika kwa hadithi simulizi. Sungura na fisi, maksi 20, na swali linataka sifa tatu za hadithi simulizi, kila moja na mfano kutoka kwa hadithi yenyewe. Msichana akakwama. Akasema hajui sifa zozote. Nikamuuliza, nyanya akianza hadithi anasema nini kwanza? "Paukwa." Na nyinyi? "Pakawa!" Nikamwambia hiyo wanaiita opening formula. Na ule wimbo fisi anauimba kila akifika mtoni, maneno yale yale? Akafikiria kidogo, akasema ni song, alafu juu inarudiwarudiwa pia ni repetition. Na sungura kuongea kama mtu? Hapo hakuningoja, alikuwa ashainama anaandika.

Alafu akasema anataka kusikia moja mzima, ya kweli, si ya karatasi. Ilikuwa saa tatu na kitu usiku lakini nikampigia mama huko Voi, nikaweka laudispika, simu katikati ya meza juu ya past paper.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mjukuu wangu, mbona hamjalala? Kuna mgonjwa?"

"Hapana nyanya, tunasoma Kiingereza. Tunataka hadithi."

Mama akacheka sana, nikamsikia akisogeza kiti. Msichana akageuza karatasi upande wenye nafasi, akashika penseli tayari.

"Paukwa," mama akasema.

Tukaitikia sisi wawili.