Maji ya Nairobi Huchemka Mapema

Nauli ya gari moshi kutoka Miritini, Mombasa, hadi Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, daraja la pili, ni shilingi 1,500 tangu ilipopandishwa Januari 2024. Zamani ilikuwa 1,000. Kwa kuwa ni kilomita zipatazo 480, tukasema hewala. Tuliposhuka Syokimau dereva wa teksi akatutajia bei ya kutufikisha mtaa wa South C: 1,500. Nikamuuliza kama na yeye anapitia Voi.

Tulikuwa watu kumi na wawili, tumetumwa na upande wa Mombasa kuja kupikia mkutano wa ukoo. Anayesafiri kwa kazi hiyo ajue kwamba visu havipandi gari moshi. Mpishi wetu aliviacha vyake kwa shingo upande, kisha mbwa wa ukaguzi akasimama kwenye mfuko wa bizari muda mrefu kuliko kwenye begi lolote, akapiga chafya, akaendelea. Tsavo nililala.

Ukoo wenyewe uligawanyika kwa reli. Reli ya kwanza ilifika Nairobi mwaka 1899, na babu wa babu zetu alikuwa mmoja wa waliofuata kazi zake. Hakurudi. Wanawe wakahamia mtaa wa Pumwani ulipoanzishwa miaka ya 1920, wengine wakabaki pwani, na kwa muda mrefu tulikuwa tukionana msibani tu. Ndipo kamati ikaundwa, mchango ukawa shilingi 2,000 kwa mtu mzima kupitia M-Pesa, ukakusanywa na shangazi ambaye hamwachi mtu hata kama ni balozi. Mahali pakawa uani kwa amu, South C, Agosti. Agosti ya Nairobi ni baridi yenye mawingu mpaka saa sita mchana. Mpishi wetu alilala na soksi mbili na bado akaamka analalamika.

Sasa nieleze hesabu ya pilau, kwa sababu hesabu ilikuwa sawa. Watu 90, theluthi yao watoto. Mtu mzima hupimiwa gramu 150 za mchele mkavu, mtoto nusu yake. Unapata kilo 11 na kidogo, ukaweka 12 kwa ajili ya majirani. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 18. Viazi kilo 8, vitunguu maji 5, thomu nusu kilo, tangawizi karibu hivyo hivyo, mafuta lita 3, bizari nyembamba gramu 200, kisha mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga kwa mkono wa mpishi. Kilo 12 za mchele hazipikwi kwenye sufuria moja hata iwe kubwa vipi: chini huungua, juu hubaki na kiini. Zinagawanywa mbili. Haya yote aliyafanya.

Nyama iliwekwa motoni saa mbili asubuhi. Kwetu Kisauni, Mombasa, nyama ya namna hiyo huiva kwa saa moja na nusu, na chakula kilikuwa kimeahidiwa saa saba, baada ya sala ya adhuhuri. Saa nne na nusu mpishi akatoa kipande, akakitafuna, akakigeuza shavu la pili, akakitema mkononi akakitazama. Akaamuru mkaa uongezwe. Supu ikachachamaa, ikapungua, ikaongezwa maji, ikachachamaa tena. Saa tano nyama ilikuwa raba ile ile. Binamu mmoja akakimbia dukani akarudi na papai bichi, akalikwangua ndani ya sufuria huku linatokota. Bure kabisa. Papai bichi lina kimeng'enya kinacholainisha nyama, ila maji yanayochemka hukiua. Hupakwa nyama ikiwa mbichi, ikakaa nusu saa hivi, ndipo ikapikwa. Na likizidi nyama huwa uji.

Mpishi akaanza kumtilia shaka mchinjaji. Akamtilia shaka na ng'ombe.

Ndipo mke wa amu akatoka jikoni anakausha mikono kwa kanga, akamwangalia mpishi kwa huruma inayoudhi, akamwambia, "Baba, hapa si Mombasa. Maji ya huku huchemka kabla hayajapata moto."

Tulicheka, na ndivyo mambo yalivyo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kila ukipanda mita 300, kiwango cha maji kuchemka hushuka takriban nyuzi moja, kwa sababu hewa inayokandamiza maji ni nyepesi. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, South C kwenye nyuzi 94 hivi. Macho huona mapovu yale yale, mvuke ule ule, nyama peke yake ndiyo inayojua tofauti. Ukizidisha mkaa hupati joto zaidi, maji yakishachemka yamefika mwisho wake, unachofanya ni kuyakausha. Mpishi wetu alikuwa amechoma nusu gunia kwa kazi ya kutengeneza mvuke.

Dawa ni mbili tu: muda au presha. Muda hatukuwa nao. Mke wa amu akatuma watoto nyumba mbili za jirani, zikaja sufuria za presha za lita saba. Ndani ya presha mvuke hubanwa, joto hupanda kupita nyuzi 110. Lita saba hubeba kilo tatu za nyama na supu yake, maana haijazwi kupita theluthi mbili, povu likija kuziba tundu la mvuke ni balaa. Kilo sita kwa mkupuo, mikupuo mitatu, kila mmoja dakika 40 ukihesabu kupasha, kupika na kuachia mvuke. Saa saba watu wanatoka msikitini, mkupuo wa tatu ndio unaanza kupiga mluzi.

Mchele nao ukachukuliwa tahadhari: pishori ya Mwea, ikarowekwa nusu saa, ikaongezewa robo kikombe cha supu kwa kila kikombe cha mchele kuliko mpishi anavyopimia nyumbani. Sufuria zikafunikwa, jiwe juu ya kifuniko, makaa yakapaliwa juu na chini. Pilau ilipakuliwa saa tisa na nusu. Ilikuwa nzuri, na ningesema hivyo hata kama nisingekuwa na njaa.

Ila katika zile saa mbili na nusu za njaa watu hawakuwa na pa kwenda. Ratiba ilikuwa imeipa shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba, dakika 20 baada ya chakula, wakati ambao kila mtu husinzia. Sasa karatasi nne za manila zikaunganishwa kwa gundi, zikabandikwa ukutani, bibi akaletewa kiti mbele. Huanzwa na aliye mkubwa kuliko wote kati ya walio hai, kisha hupandwa juu, kisha hushukwa. Miaka bibi haijui, matukio anayajua. Dada yake alikuwa akitambaa Dharura ya enzi za Mau Mau ilipotangazwa, basi ni 1952, aandikwe alizaliwa mwaka huo au uliotangulia. Mwingine alizaliwa wiki ya Uhuru. Kosa kubwa la kazi hii ni majina: jina la babu limerudiwa mara nne, na mwandishi wetu akawaoza mjukuu na mke wa babu yake. Bibi alicheka mpaka akaomba maji. Ikabidi kila jina liwekewe namba ya kizazi na jina la mama.

Hapo kwa mama ndipo mistari ikageuka. Nyumba si haba za Majengo, Pumwani, zilijengwa na wanawake kwa pesa zao, vyumba pande mbili na ukumbi katikati, na nyumba yetu ilikuwa mojawapo. Tulizoea kuitaja kwa jina la mume. Bibi akasema futa. Vijana wawili nao wakagundua kwamba wamekuwa wakipishana kwenye ngazi moja South B miaka minne, na mmoja aliwahi kumlalamikia mwenziwe kuhusu redio.

Siku mbili zilizofuata ni shopping ya Gikomba na mafua. Mwakani ni zamu ya Mombasa, na mke wa amu ameshatangaza kwamba atapika yeye. Nikamwambia apunguze maji na muda, kule atatupikia bokoboko bila kukusudia. Akanitazama vile vile alivyomtazama mpishi.

"Wewe kakune nazi tu," akasema.