Diski niliyoifuta mara tatu

Kila fundi niliyemuomba ushauri juu ya kompyuta kuukuu yenye siri za watu ndani alinijibu neno moja: "Fomati, yaani safisha diski, uza, endelea na kazi." Mafundi wenzangu, neno hilo linatia watu aibuni. Nisikilizeni yaliyonikuta.

Nina kibanda cha kompyuta Mlandege, hapa Zanzibar. Mwaka jana nilinunua kompyuta nne za mezani kwa dalali, laki tatu na kitu kwa zote. Ya nne nilipoiwasha haikutaka hata neno la siri. Palepale kwenye kioo pana folda imeandikwa MAABARA. Nikaifungua. Jina, umri, mtaa, simu, kipimo, jibu. Kituo kimoja cha afya cha binafsi kilikuwa kimeuza mashine na maradhi ya watu ndani yake.

Jina la tatu lilikuwa la bibi jirani yangu, yule anayetuletea tambi kila Ramadhani. Nilichomoa waya wa umeme ukutani, lakini jicho lilishaona kipimo chake. Alasiri ile akapita. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, mbona huniangalii?" Sikuwa na jibu.

Kwanza nilikwenda kituoni, kwani huenda nakala ile ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Wakasema wameshahamisha kila kitu, nifute. Nikataka waniandikie na watie saini. Walinuna, lakini wakaandika. Mtu mmoja akanambia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haigusi huku kwetu mambo yasiyo ya Muungano, na afya si ya Muungano, basi nisijisumbue. Kwani amana inangoja sheria? Kijana mwengine alitaka namba za simu tu, kwa elfu hamsini. Nilimfukuza.

Nikafomati ile ya haraka, sekunde chache tu. Moyo haukutulia, nikaijaribu diski kwa PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha faili. Zikarudi kwa mamia! Majina ya faili yamepotea, lakini majibu ya watu yote yamo. Fomati ya haraka inafuta daftari la kuonesha faili ipo wapi. Faili lenyewe hailigusi.

Dawa ni kuandika sifuri juu ya diski nzima. Nikawasha Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye flashi, nikatumia amri yake ya dd, inayoandika juu ya diski. (Chomoeni kwanza diski zenu nyengine, dd haiulizi mara mbili.) Diski ya GB 500 ilifika nusu, umeme ukakatika. Nikaanza upya, ukakatika tena.

Hapo ndipo nilipopata akili. Laptopu yangu ina betri, lakini diski kubwa ya mezani haitosheki na umeme wa USB, inataka volti 12. Na pikipiki ya shemeji betri yake ni volti ngapi? Kumi na mbili! Nikaifungua usiku uleule, nikaunga nyaya mbili kwenye kitako cha kuwekea diski, kile kinachoiunganisha na laptopu, chanya kwa chanya, nikakagua kwa mita kabla ya kuwasha. Taa ya kijani ikawaka kibandani, mtaa mzima giza. Kama saa mbili baadaye kazi imekwisha. PhotoRec nikaipitisha tena: faili sifuri. Alhamdulillahi, nililala.

Diski za SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka ndani, msizifanyie hivi, zina sehemu za akiba ambazo dd haizifikii. Tumieni amri ya kufuta ya mtengenezaji wake. Na wenye ofisi, diski ikiwa imefungwa kwa usimbaji, yaani yaliyomo hayasomeki bila ufunguo, tangu siku ya kwanza, fundi hatakuta kitu cha kusoma.

Bibi sikumwambia, wala mke wangu. Juzi bibi kaniletea simu, kioo kimepasuka. Akaanza kunitajia namba ya siri kwa sauti, wateja wamejaa. Nikampelekea simu mkononi, nikamuomba aiandike mwenyewe, nikageuka nyuma mpaka akamaliza.