Katuni ya mtoto: ipime kabla hujampa rimoti

Juni na Julai baridi ya Arusha huwafungia watoto ndani, na likizo ikiangukia humo humo, runinga inawashwa asubuhi haizimwi mpaka usiku. Wazazi huuliza kama katuni zinafundisha. Swali hilo ni pana mno. Kila kipindi kinapimwa peke yake, na neno "elimu" kwenye kava la sidii au kichwa cha video halina uzito wowote.

Anza na kasi. Tazama dakika tano bila mtoto, uhesabu mara ngapi mandhari inageuka kabisa, mfano kutoka jikoni hadi baharini. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani waliwaonyesha watoto wa miaka minne dakika tisa za SpongeBob SquarePants, ambayo mandhari yake iligeuka kila sekunde 11 hivi. Kundi jingine lilipewa katuni ya taratibu, sekunde 34, na la tatu likachora. Papo hapo baadaye, wale wa katuni ya kasi ndio waliofanya vibaya kwenye mazoezi ya kusubiri na kufuata maelekezo. Watoto walikuwa 60 tu na walipimwa mara moja, kwa hiyo asije mtu akakwambia katuni hiyo inaharibu ubongo. Ila mandhari ikigeuka mara tano kwa dakika, usimwekee wa chekechea muda mfupi kabla ya kumkalisha na daftari.

Kisha sikiliza ukimya. Mhusika akiuliza "kikombe kiko wapi?" halafu akajijibu mwenyewe, mtoto hana kazi ya kufanya. Anayejua kufundisha huuliza, hunyamaza sekunde kadhaa, ndipo aendelee. Blue's Clues ya Marekani ilijengwa juu ya ukimya huo tangu 1996, na kipindi kilekile kilirushwa siku tano mfululizo kwa sababu watoto hujibu zaidi wakishakizoea. Basi wako akidai ileile ya jana, mwachie.

Kwa Kiswahili tuna Akili and Me ya shirika la Ubongo, Dar es Salaam, iliyolenga miaka 3 hadi 6: herufi, namba, rangi, hisia. Akili mwenyewe, mhusika mkuu, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na mtoto wa Moshi hahitaji kuelezwa ule mlima ni nini. Ubongo Kids, iliyoanza TBC1 mwaka 2014, ni ya wakubwa kidogo, wa hesabu na sayansi za msingi. Wa miaka mitatu ataambulia nyimbo tu.

Nyimbo nazo zinadanganya. Mtoto akiimba moja hadi kumi amekariri wimbo, bado hajajua kuhesabu. Mtume jikoni alete vijiko vitatu. Akirudi na konzi nzima, rudieni kipindi mkiwa pamoja, usimamishe kila namba inapotajwa, ahesabu maharage au vifuniko vya soda.

Panapoharibika zaidi ni kwenye flashi. Katuni za kuwekewa kibandani mara nyingi zimetafsiriwa na dijei anayeongea juu ya sauti ya asili, na utani wake wa pombe na wanawake haukukusudiwa mtoto. Picha safi, maneno machafu. Isikilize, usiitazame tu. Tom and Jerry nayo ilianza 1940 kwa ajili ya majumba ya sinema, si kwa watoto wa chekechea: nyundo inagonga kichwa na hakuna anayelia. Mdogo huiga nyundo.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri aliye chini ya miaka miwili asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Hao wa chini ya miwili hujifunza kidogo sana kutoka kwenye kioo ukilinganisha na mtu anayeongea nao.

YouTube zima kujicheza yenyewe: kwenye simu, kitufe kiko juu ya video inayocheza, kwenye runinga, ingia mipangilio. Usipozima, video ya tatu au ya nne huchaguliwa na mashine. Kwenye king'amuzi badilisha namba ya siri ya kufungia chaneli iliyotoka nayo kiwandani, maana wa darasa la pili ataibahatisha. Na zima mwisho wa kipindi, usikate katikati. Kilio kikubwa huanzia hapo.