Mi-24 mezani: mambo ya uzito

Jumamosi usiku. Gundi ya paa la helikopta ya plastiki ninayoiunda haijashika, na kazi ya gundi haipendi haraka, basi niandike.

Ndege ya vita unaweza kuiweka juu ya nguzo ikaonekana inaruka. Helikopta mara nyingi huishia imetua, na helikopta iliyotua huonyesha uzito wake kila mahali: mapanga ya rota yameinama, tairi zimebonyea, shokapu zimezama. Ukiiunda jinsi vipande vilivyotoka kwenye fremu za plastiki, mapanga yote yatanyooka kama rula, na mtazamaji ataona kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Iliyopo mezani ni Mi-24, helikopta ya kivita ya Kisovieti, toleo la V, seti ya kampuni ya Kirusi Zvezda, kipimo cha 1/48. Rota yake halisi ina kipenyo cha mita 17.3, kwa hiyo hapa inakuwa sentimita 36. Pima kabati kabla ya kununua. Seti hii hutoa V au VP, na uamuzi ni wa siku ya kwanza: V ina bunduki ya mashine YakB-12.7 ya mitutu minne chini ya pua, VP ina mzinga wa milimita 23 wenye mitutu miwili. Yenye mzinga mrefu wa milimita 30 ubavuni kulia ni P, hiyo ni seti nyingine. Wengi wa Maziwa Makuu wanaijua sura hii, maana Uganda, Rwanda na Kongo zimeirusha. Ila vifaa vingi vinavyompa kazi mwundaji vilibandikwa kwa sababu ya vita vya Wasovieti Afghanistan, 1979 hadi 1989.

Nianze na pua. Mi-24 husimama kwa magurudumu matatu: mawili makuu nyuma ya katikati, na la mbele lenye tairi pacha. Mkia ni mrefu na una rota yake juu kabisa, kwa hiyo bila uzito mbele modeli itakaa kitako kama mbwa. Usikisie kiasi. Funga nusu mbili za kiwiliwili kwa tepu, weka mabawa, mkia na rota ya mkia palepale vitakapokaa, kisha laza tumbo juu ya kijiti cha mshikaki mahali pa magurudumu makuu. Ning'iniza kikoba cha karatasi puani, tia chubwi za mvuvi moja moja mpaka pua iiname. Zipime, halafu ongeza theluthi. Nyongeza hiyo ina sababu: ndani, chubwi zitakaa chini ya sakafu ya vyumba vya marubani, nyuma ya ncha ya pua, kwa hiyo nguvu yake ya kuinamisha itapungua.

Kosa linalojitokeza baada ya miezi ni kugandisha chubwi kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo hutoa asidi ileile ya siki, asidi hula risasi, yaani madini ya chubwi, risasi hugeuka unga mweupe na kuvimba, na siku moja mshono wa tumbo unapasuka wenyewe. Tumia epoksi, au supagluu. Na ukishashika risasi nawa mikono kabla ya kushika chapati.

Vyumba vya marubani ni viwili, kimoja juu ya kingine kama ngazi: mshika silaha mbele, rubani nyuma yake na juu. Rangi ya ndani ni ule ubuluu-kijani wa Kirusi ambao ukiuona kwenye kopo unadhani umeuziwa rangi ya jikoni. Usiogope, ndiyo yenyewe. Ikishakauka, pitisha maji ya rangi ya hudhurungi kwenye pembe, kisha sugua juu kwa brashi kavu yenye rangi hiyohiyo iliyochanganywa na nyeupe kidogo. Zaidi ya hapo ni kazi bure, kwa sababu vioo vikifungwa nusu yake haionekani. Mlango wa rubani uko upande wa kulia. Ukiuacha wazi, jitihada zote za ndani zielekeze kulia.

Vioo vyenyewe ndivyo vinavyoharibu modeli nyingi. Supagluu ikae mbali navyo kabisa: mvuke wake huganda juu ya plastiki angavu na kuacha utando mweupe, tena kwa ndani, mahali usipofika tena. Hapa sasa gundi nyeupe ya mbao ina kazi yake. Ziba kila kidirisha kwa tepu nyembamba iliyokatwa kwa wembe mpya, kipande kwa kipande. Vile vya mviringo zibia kingo zake kwanza kwa vipande vyembamba, katikati ujaze kwa tepu yoyote. Rangi ya kwanza kupuliziwa juu ya fremu za vioo iwe ile ya ndani, ya pili ndiyo iwe ya nje. Anayechungulia ataona fremu zenye rangi sahihi kutoka ndani, bila wewe kuingiza brashi huko.

Mshono wa paa, pale kwenye injini mbili, ndio unaokauka sasa. Ukitumia supagluu kujazia, ipige msasa ndani ya saa moja, maana ikilala usiku inakuwa ngumu kuliko plastiki na msasa utachimba pembeni huku mshono ukibaki kama kovu. Namba 400 ya kushusha, 800 ya kulainisha, 1500 ya kumalizia. Ribiti zilizofutika zirudishwe kwa ncha ya sindano, ukifuata ukingo wa tepu ngumu. Mi-24 ina ribiti hadi basi, na kipande kitupu hujulikana mara moja.

Mapanga. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko popote. Yapo matano, na yakitulia hujipinda kwa uzito wake mwenyewe. Ila hayavunjiki shinani: kwenye kitovu kuna vizuizi vinavyolizuia shina lisidondoke, kwa hiyo mpindo hutambaa polepole na kuongezeka kuelekea ncha. Kata kadibodi kwa mpindo huo mmoja, ukiifuatisha picha iliyopigwa kutoka ubavuni. Kwa kipimo hiki ncha ikishuka karibu sentimita moja inatosha. Maji yachemke, yaache dakika mbili, zamisha panga kwa sekunde kumi au kumi na tano, lipinde kwa vidole kupita kadibodi kidogo kwa kuwa litarudi, kisha tumbukiza kwenye maji baridi. Ukilitia kwenye maji yanayotokota, panga jembamba hujikunja kama ganda la ndizi na halirudi. Yote matano yalingane kwenye kadibodi ileile. Moja likiwa juu kuliko wenzake utaliona hilo tu.

Na geuza macho upande wa ukingo. Ukitazama kutoka juu, rota ya Mi-24 huzunguka kama mshale wa saa, kinyume cha helikopta nyingi za Marekani. Ukingo mnene hutangulia. Aliyezoea kuunda Huey ya Kimarekani huyapachika mapanga kwa mazoea, na Mi-24 yake inarudi nyuma.

Kitovu chataka mirija ya hidroliki: nyuzi za shaba kutoka waya wa chaja iliyokufa, au solda nyembamba inayokubali kupindwa bila kurudi. Miguu mikuu nayo ipewe mirija ya breki. Tairi zipigwe msasa chini mpaka ziwe na bapa dogo, nusu milimita tu. Zaidi ya hapo inaonekana ina pancha.

Kabla ya rangi, amua mwaka. Ekzosi za wazi hutema moshi ubavuni, na mkia hupakwa masizi meusi nyuma yake. Zile zilizofungwa visanduku vya kupooza joto, EVU, huelekeza hewa juu. Modeli yenye EVU na masizi mazito ubavuni inajipinga yenyewe, na hili ni kosa ninaloliona hata kwa mafundi hodari. Vivyo hivyo vifyatuzi vya mioto ya kuhadaa makombora: mwanzoni vilikuwa chini ya mkia, baadaye vikahamia ubavuni. Usiweke nusu huku nusu kule bila picha.

Rangi ni mchanga na kijani juu, buluu hafifu chini. Ichanganywe na thina iwe nyepesi kama maziwa, tabaka tatu za ukungu, la sivyo ribiti zote zinazama. Hapa pwani wakati wa masika, rangi za thina kali huota weupe kwa sababu ya unyevu. Ngoja adhuhuri kavu, au ongeza thina ya kuchelewesha kukauka. Vanishi ya kung'aa itangulie stika za maji, kwani juu ya rangi yenye mkwaruzo hewa hunaswa chini yake na nyota nyekundu inapata mng'ao wa magamba ya samaki. Vanishi kavu ya kuua mng'ao ije mwisho, kisha masizi: mkaa wa jikoni uliosagwa, ukachujwa kwa kitambaa cha soksi, ukapakwa kwa brashi laini.

Rota isigandishwe. Iache ichomoke, sentimita 36 hazipiti kwenye boksi lolote la viatu.

Paa limeshika. Msasa namba 400 uko wapi.