Lucy Gichuhi na kiti chake cha useneta

Hapa Dodoma, ambako mazungumzo ya mjini hufuata ratiba ya Bunge, mimi mara nyingi humkumbuka Lucy Gichuhi, mhasibu kutoka Kenya aliyehamia Adelaide, Australia, mwaka 1999 pamoja na mumewe na binti zao watatu, kisha akasomea sheria hukohuko ugenini.

Katika uchaguzi wa 2016, chama kidogo cha Family First kilimweka wa pili katika orodha yake ya wagombea useneta wa jimbo la Australia Kusini, nyuma ya Bob Day, na aliyeshinda ni Day peke yake. Aprili 2017 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba Day hakustahili kuchaguliwa, kwa kuwa alikuwa na maslahi katika mkataba wa pango la ofisi yake kati ya mwenye jengo na serikali. Kura zilihesabiwa upya, na Gichuhi akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia bunge la shirikisho.

Uraia wake ulihojiwa mara moja, maana katiba ya Australia haimruhusu raia wa nchi nyingine kuwa mbunge, lakini pingamizi halikufua dafu. Alipopata uraia wa Australia mwaka 2001, Kenya ilikuwa bado haijaruhusu uraia pacha, hatua iliyokuja na Katiba ya 2010, hivyo uraia wake wa Kenya ulikuwa umekoma. Sisi Watanzania tunaielewa hali hiyo vizuri.

Kabla hajaapishwa, Family First ilijiunga na chama kipya cha seneta Cory Bernardi. Gichuhi alikataa kufuata, akabaki seneta huru. Kwetu asingeweza: ibara ya 71 ya Katiba humvua ubunge anayeacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni, na mbunge wa viti maalumu, ambaye naye huingia kwa orodha, hana pa kusimama nje ya chama. Najua hoja kwamba wapiga kura walichagua orodha. Hata hivyo naona anayekula kiapo ni mtu, na dhamiri yake inastahili ulinzi.

Ndiyo maana uamuzi wake wa Februari 2018 wa kujiunga na chama tawala cha Liberal unanisikitisha. Serikali haikuwa na wingi katika Seneti, hivyo kura ya seneta huru ilibembelezwa. Ndani ya chama kikubwa aliwekwa nafasi ya nne katika orodha, na Mei 2019 akashindwa.