Kiti Kimoja, Wasimulizi Wawili

Jumapili, usiku

Leo nimeogopa kweli kweli ndani ya mji nilioubuni mwenyewe. Ramani ya bandari ile niliichora mimi, kila kichochoro nakijua, na mle ghalani nilikuwa nimeweka magunia ya karafuu tu, basi. Lakini leo kiti cha msimulizi hakikuwa changu. Alikikalia dada yetu wa Mombasa, na aliposema taratibu kwamba gunia la tatu kutoka mlangoni linapumua, nilijikuta nahesabu pointi za uhai zilizobaki kwenye karatasi ya mhusika wangu. Zilikuwa chache.

Kwa wasioijua michezo hii ya kuigiza wahusika: watu wanne watano wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake, na mmoja wao, msimulizi, anashika vyote vilivyobaki: majirani, maadui, mvua, bei ya mkate, siri. Wachezaji wanasema wanachofanya, penye shaka dadu linaamua, msimulizi anaeleza kilichotokea. Sisi tunatumia kanuni za Dungeons & Dragons, toleo la tano, ila majoka tumeyaweka kando. Ulimwengu wetu ni wa majahazi, ushuru wa forodha na majini wenye madeni.

Tangu tuanze kukutana hapa St. Paul, Marekani, msimulizi nilikuwa mimi peke yangu. Naipenda kazi hiyo, lakini inakula Jumamosi nzima, na kuna raha moja ambayo msimulizi hapewi, nayo ni kutokujua. Dada huyu ni muuguzi, shifti zake nyingi ni za usiku, kwa hiyo sikuwahi kumfikiria kwamba angetaka mzigo wa pili. Yeye ndiye aliyeanza. "Kaka, mbona wanibania hicho kiti? Niwachie na mimi nionje."

Nilicheka, kisha nikakosa usingizi. Nilichoogopa ni siri zangu. Kugawana kazi ni rahisi: huyu achore ramani, yule aandae maadui. Lakini kampeni, yaani hadithi moja ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao, inaishi kwa mambo ambayo mtu mmoja anayajua na wengine hawayajui. Ukimwambia mwenzako kila kitu, siku akirudi kuwa mchezaji utakuwa umemharibia mchezo. Usipomwambia, atakanyaga mipango yako bila kujua. Hapo ndipo penye utata wote, na sidhani kama kuna kanuni inayoumaliza.

Nikajipa moyo kwa historia ya mji huu ninaoishi. Mwaka 1969, hapa hapa katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, David Wesely aliandaa mchezo wa vita alioupa jina la mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, na badala ya kuwapa wachezaji wote majeshi akawapa nafasi za watu: meya, mwanafunzi, mwenye benki. Wesely alipoitwa jeshini wenzake waliendelea na michezo ya namna ile, na Dave Arneson akaja na mchezo wa ulimwengu wake wa kubuni, Blackmoor. Mwaka 1972 Arneson alikwenda Lake Geneva, Wisconsin, kumwonyesha mbunifu mwenzake wa michezo, Gary Gygax, na mwaka 1974 Dungeons & Dragons ikatoka. Gygax naye alikuwa na ngome yake ya kubuni, Greyhawk, ambamo kijana mmoja, Rob Kuntz, alikuwa akicheza. Kuntz akaja kuwa msimulizi mwenza. Alipokaa yeye, Gygax alipata kucheza, na ndivyo alivyozaliwa mchawi wake Mordenkainen. Yaani mwenye ngome alihitaji mtu wa kumtisha. Kama yeye alikubali, mimi nani?

Tulianza kwa zamu za kila kikao: wiki hii mimi, ijayo yeye. Ilitushinda upesi. Mwisho wa kikao changu ninaacha watu juu ya mlingoti na moto chini. Yeye akifika anatakiwa kujua moto umewashwa na nani, na hajui. Tukahamia kugawana kwa mahali. Bara ni kwangu, visiwa ni vyake, na bandari ni ya wote wawili. Jahazi likivuka, usukani unabadilika. Mpaka sasa mpango huu unatufaa, kwa sababu kila mmoja ana shamba lake la siri, na kuvuka bahari kunampa mwingine muda wa kujiandaa.

Mhusika wa msimulizi je? Wengi huacha awe anatembea na kundi kimyakimya, nami sipendi. Anakuwa mtu anayejua majibu yote lakini kila siku ana kikohozi. Dawa tuliipata kwa Ars Magica, mchezo wa mwaka 1987 wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen. Humo kiti kinazunguka kwa mujibu wa kitabu chenyewe. Wachawi wanaishi pamoja, kila mchezaji ana zaidi ya mhusika mmoja, na mhusika wa yule anayesimulia anabaki nyumbani na vitabu na maabara yake. Wetu hana maabara, ana tanga la kushona. Kila mtu anajua kwamba mhusika akisema "nabaki kushona tanga", mchezaji wake amepanda kitini. Na hakosi kitu: kitabu cha msimulizi cha toleo letu la tano, cha mwaka 2014, kinaruhusu kundi zima lipande ngazi ya uwezo pamoja hadithi ikifika hatua fulani, bila kuhesabu kila adui aliyeuawa. Tumeongeza katazo moja la kwetu: hazina unayoipanga wewe, mhusika wako haigusi. Kuna mtu mezani (simtaji) aliyekuwa ameanza kuulizia upanga fulani.

Ugomvi wa kweli ulitokea kwenye dadu la pande 20. Kwa kanuni, 20 yenyewe inafaulu moja kwa moja kwenye shambulio tu. Kwenye kupanda ukuta au kumlaghai mtu haina baraka ya pekee. Mimi nilikuwa naiachia ifaulu huko pia. Mtu akipata 20 meza nzima inainuka kwa kelele, halafu mimi nimwambie hapana? Dada anasema hapana, tena kwa upole wa wodini. Wachezaji wakatufanyia kama watoto wanaokataliwa jambo na mama, wakamsubiri baba arudi kutoka kazini: wakifika kwenye mlango mgumu wanatia nanga mpaka zamu yangu. Tulikaa jikoni mimi na yeye, tukakubaliana kufuata yake. Nilikubali shingo upande, na bado naona kelele zile zilikuwa na thamani yake.

Lakini ninachotaka kukiandika leo ni habari ya Mzee Shomari. Ni karani wa ushuru pale bandarini, nilimbuni mimi. Kwa miezi nilikuwa namlea awe msaliti: barua zinazouza njia za majahazi kwa maharamia zina sahihi yake, na wachezaji walishaipata moja. Zamu ya dada ikafika, kundi likaenda kumhoji. Yeye hajui mpango wangu. Akamwelezea mzee ameketi barazani, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya anayeongea naye, vidole vinapapasa ukingo wa meza kutafuta kikombe. Mmoja wetu akauliza, "Haoni?" Dada akafikiri kidogo. "Haoni. Tangu zamani."

Mimi kimya. Mhusika wangu yuko barazani pamoja na wengine, na mimi nakumbuka barua tatu nilizoziandika kwa mkono wa mtu asiyeona.

Tuna makubaliano kwamba kilichosemwa mezani ndiyo kweli, na kilichomo daftarini bado ni nia tu. Kuyasema ni rahisi kuliko kuyatii. Nilirudi nyumbani nikafuta kurasa, nikanuna, nikaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Halafu swali likaja lenyewe: kama mzee haoni, barua zake anasomewa na nani? Na anaposaini, anaambiwa anasaini nini? Nyumbani kwake tayari kulikuwa na mjukuu wa kike aliyeleta kahawa, mtoto ambaye wala sikumpa jina. Sasa analo. Anaitwa Mwanaisha, ana miaka kumi na minne, ndiye msomaji, na anabadilisha anachokisoma. Kwa nini anafanya hivyo najua mimi tu, na nitabaki kimya hata jikoni.

Msaliti wangu wa kwanza alikuwa mzee mlafi, wa kawaida kabisa. Huyu wa sasa ananiuma. Nisingempata kama ningekuwa peke yangu, kwa sababu nisingempofusha karani wangu hata siku moja; nilikuwa namhitaji aone.

Sasa rafiki yetu wa Lubumbashi naye anataka kiti. Amesema ana habari za migodi na mashetani wanaolipwa mshahara. Nimepiga mstari kwenye ramani ya bara, magharibi ya milima, na ya ng'ambo yake nimeyafuta yote niliyokuwa nimeanza. Jumamosi anakuja mapema tupitie orodha ya mambo ambayo kila mtu mezani anayajua. Yangu mengine hataambiwa, na yake sitamuuliza. Suala la 20 atalikuta limeshakatwa, labda yeye na mimi tukiungana dada atalegeza.